Msuruaki, ukanda au kifuniko: kuchagua kiatu cha mbao kilicho wazi nyuma

Lamu ni mji wa kuvua viatu. Unavua msikitini, unavua kwenye daka la jirani kabla ya kukanyaga mkeka wake, unavua ukiingia mashuani, unavua ukirudi kwako. Kufikia magharibi mguu umeingia na kutoka kiatuni mara nyingi mno, na kiatu cha kamba au cha zipu kingekuwa adhabu. Ndiyo maana watu wa huku tumeshikamana na viatu vilivyo wazi nyuma, tangu mitalawanda ya mbao na makubadhi ya ngozi hadi ndara hizi za plastiki.

Ila kiatu kinachovalika bila mikono huchopoka pia bila kuombwa. Kinabaki nyuma ukipanda ngazi, kinameza mchanga, kinakupiga kisigino kila hatua, na mwenye mguu hukunja vidole kutwa nzima ili kisimtoke, wala hajui kwamba anavikunja. Jioni miguu ikiuma analaumu umri.

Haya nayaandika kwa anayetaka kumwagiza seremala au mshona viatu kiatu cha mbao cha kutembelea, si pambo la kutundika ukutani, na kwa fundi anayetaka kukitengeneza vizuri zaidi. Nitalinganisha namna tatu za kuushika mguu: msuruaki (kijiti kinachosimama kati ya vidole), ukanda na kifuniko cha ngozi. Baadaye nitaviweka pembeni yake viatu vya povu la plastiki, vile vya namna ya Crocs, kwa sababu wengi huvilinganisha navyo. Kipimo changu ni kimoja kwa vyote. Kiatu kivaliwe ukiwa umesimama, mikono ikiwa na kikapu. Kiweze kupanda ngazi ya nyumba ya mawe bila kuanguka. Na vidole vilale, visifanye kazi ya kukishika.

Kwanza, kiatu hushikwa na nini?

Kiatu cha kawaida hushikwa na nyuma yake. Ukiiondoa ile nyuma, yanabaki mambo matatu: kilicho juu ya mguu, umbo la mbao unayoikanyaga, na jinsi soli inavyoondoka ardhini. Watu huhangaika na la kwanza pekee. Mafundi wengi husahau la tatu kabisa, na hapo ndipo viatu vingi vinapoharibikia.

Ukitembea, kisigino huinuka kwanza, kisha wayo hukunjika pale vidole vinapoanzia. Mbao haikunjiki. Soli ikiwa bapa kutoka mwanzo hadi mwisho, kisigino chako kinapoinuka chake kinabaki chini, na hapo vidole vinaingia kazini kuivuta mbao. Dawa yake ni kuichonga soli upande wa chini ili pua yake iinuke kama omo ya jahazi. Mwinuko uanzie nyuma kidogo ya pale wayo unapokunjika, si kwenye ncha ya vidole. Kiatu kikiwa juu ya meza, ncha ya mbele iwe imeachana na meza kwa kiasi cha sentimita 2. Ukibonyeza pua kwa kidole, kisigino kiinuke kwa wepesi, bila kugoma. Kiatu cha namna hiyo hubiringika pamoja na mguu, na kisigino cha mtu na cha mbao huinuka kwa pamoja.

Umbo la juu nalo lina kazi yake. Mahali pa kisigino pachongwe kibakuli cha kina cha milimita 5 hadi 8, kingo zikiwa laini, ili mguu usiteleze kwenda kando. Chini ya vidole pawe na tuta dogo la kuviegemeza. Nasema kuviegemeza, likiwa kubwa vidole vitalibana, na tumerudi kulekule. Kisigino kiwe juu kuliko mbele kwa sentimita 2 hivi, mguu upate kusogea mbele wenyewe na kukaa chini ya ngozi. Kikipita sentimita 4, mguu unasukumwa mno, vidole vinabanwa, na kifundo kinapinduka kirahisi kwenye mawe yasiyo sawa.

Jambo la vidole kujikunja si dogo. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, waliwapima watu wakitembea kwa kandambili na kwa raba, wakaona kwamba wenye kandambili huchukua hatua fupi zaidi. Kiatu kisicho na nyuma hubadilisha mwendo wa mtu, na mwendo ukibadilika, maumivu hupanda hadi kwenye muundi.

Msuruaki

Huu ndio mshiko wa mtalawanda: kijiti kilichosimama kati ya dole gumba na kidole cha pili, chenye kichwa cha mviringo juu ili vidole vipate pa kushika. Ni mshiko wa Bahari ya Hindi; viatu vya mbao vya Bara Hindi vinavyoitwa paduka hushikwa vivyo hivyo. Hakuna ngozi ya kuoza, hakuna msumari wa kuota kutu, na maji hayana cha kuharibu. Kwa chooni na kwenye kisima, kiatu chochote kingine nakiona cha pili.

Uzuri wake mwingine ni kwamba hakuna kipimo cha unene wa mguu. Mguu uliovimba na mguu mwembamba huingia sawasawa, ndiyo maana jozi moja huweza kuwekwa mlangoni mwa choo na kuvaliwa na nyumba nzima.

Lakini mshiko wenyewe unategemea misuli ya vidole, na hili halina njia ya kulikwepa. Hatua chache ni sawa. Ukitoka Mkomani hadi Langoni, ngozi laini iliyo kati ya vidole inaanza kulalamika, na ukipanda ngazi kiatu kinaning'inia kwenye vidole viwili tu. Fundi anaweza kupunguza taabu hii kwa mambo mawili. La kwanza ni kuuweka msuruaki mbele kidogo kuliko anavyodhani, ili kati ya kijiti na ngozi ibaki nafasi ya milimita chache; ukigusana na ngozi tangu mtu asimame, utaikata atakapotembea. La pili ni kibakuli cha kisigino, maana kisigino kikikaa mahali pake mguu hausongi mbele kwenda kuugonga msuruaki. Kijiti chenyewe kipenye soli yote na kukazwa kwa kabari kutoka chini. Kilichobandikwa kwa gundi juu juu hung'oka siku ambayo sakafu imelowa.

Mwenye kisukari ambaye miguu imeanza kufa ganzi asikivae kabisa. Kidonda kati ya vidole kinaweza kukua bila yeye kuhisi. Na kwa kweli mtu huyo avae kiatu kilichofungwa nyuma, cha mbao au kisicho cha mbao.

Ukanda

Ukanda ni kipande kimoja cha ngozi kinachopita juu ya mguu kutoka ubavu hadi ubavu. Viatu vya mbao vya hamamu za Shamu na Misri vilishikwa hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya Scholl ilitoa ndara ya mbao yenye ukanda mmoja na bizimu ya kukaza, ikasambaa duniani. Na mwaka 1963 Birkenstock ya Ujerumani ikatoa ya kwake yenye ukanda mmoja, iliyokuja kuitwa Madrid, yenye wayo uliochongwa kufuata mguu. Zote mbili ziliuzwa kama viatu vya mazoezi. Ziliwekwa ukanda mbele, karibu na vidole, makusudi kabisa ili vidole vishike na misuli ya mguu ifanye kazi.

Fundi anayenakili umbo lile bila kujua sababu yake anamwuzia mteja wake mazoezi. Anayekwenda sokoni kununua samaki hakuomba mazoezi.

Kwa kiatu cha kutembea, ukanda urudi nyuma. Ukingo wake wa nyuma ufike pale mguu unapoanza kupanda kuelekea kwenye kifundo. Hapo mguu umeinuka kama mteremko, na ngozi ikilala juu ya mteremko huo mguu haupati njia ya kurudi nyuma. Ukanda wa sentimita 3 ulio karibu na vidole hauwezi kazi hii hata ukikazwa mpaka mguu uwe mwekundu. Upana wa sentimita 6 au 7 unaweza, bila kubana.

Bizimu ina thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Joto la Kaskazi huvimbisha miguu, wajawazito huvimba zaidi, na ngozi mpya hulegea kila wiki. Tundu tatu au nne za kukaza huongeza maisha ya kiatu. Walio na mguu mmoja mpana kuliko mwingine, na ni wengi, wasiagize ukanda usio na bizimu.

Kuna njia nyingine ambayo sijui kwa nini haitumiwi zaidi: kuazima mshiko wa makubadhi. Pale kuna ukanda mpana, na kuna gidamu inayopita kati ya vidole kuuvuta ukanda mbele. Ukiviweka vyote viwili kwenye soli ya mbao, gidamu ya ngozi laini haikati kama msuruaki, na ukanda unabeba uzito. Kwa anayetaka kiatu chepesi kisichofunika mguu, huu ndio uchaguzi wangu.

Kifuniko

Hiki ni kiatu cha Waswidi na Wadenmaki: soli ya mbao, ngozi iliyofunika vidole na mgongo wa mguu, iliyopigiliwa ubavuni kuzunguka soli, nyuma wazi. Huko Ulaya wauguzi na wapishi wamekivaa kwa miaka mingi kwa sababu wao husimama kutwa nzima, na mguu ulioegemezwa vizuri hauchoki upesi.

Kati ya vitatu hivi, ndicho kinachokaa mguuni vizuri kuliko vyote, na sababu yake ni eneo. Ngozi inaugusa mguu juu na kando zote mbili, kwa hiyo hakuna sehemu moja inayobeba kazi yote. Vidole vimelala. Mtu hupanda ngazi bila kufikiria miguu yake. Mimi kwa kutembea Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kwenda na kurudi, ningechagua hiki bila kusita.

Urefu wa ngozi ndio kila kitu hapa. Ikiishia kwenye mzizi wa vidole, kiatu kitachopoka. Ikipanda mno hadi kwenye kifundo, mguu hauingii bila kuinama na kuvuta, na faida ya kuwa wazi nyuma imepotea. Ifunike mgongo wa mguu hadi mahali palepale nilipopasema kwenye ukanda, na ukingo wake ukatwe mviringo kidogo, ukunjwe kwa ndani na kushonwa ili usikwaruze. Ubavuni, ngozi ishuke mpaka kwenye mbao bila kuacha uwazi, kwa sababu uwazi huo ndio mlango wa mguu kuhama kando.

Ngozi ichaguliwe nene, milimita 2 na zaidi, iliyotengenezwa kwa dawa ya magome ya miti kama inapatikana, maana hujifinyanga kufuata mguu na kubaki hivyo. Upande wa ndani uachwe na ukwaru wake, usilainishwe. Ule ukwaru ndio unaoishika ngozi ya mguu.

Ubaya wake ni joto na mchanga. Shela, ukishuka ufukweni, mchanga huingia nyuma na kukusanyika mbele, na kutoka hautoki mpaka uvue. Maji ya chumvi nayo huikausha ngozi ikapasuka. Kifuniko ni kiatu cha mawe, cha sakafu, cha kazi ya kusimama. Si cha ufuo.

Misumari iwe ya shaba. Ya chuma hewa yetu inaila, na kutu yake huichoma ngozi mpaka tundu zinapanuka. Isipigiliwe kwenye mstari mmoja wa nyuzi za mti, bali mmoja juu mmoja chini, na juu yake upite ukanda mwembamba wa ngozi wa kusambaza mvuto. Fundi mmoja alinionyesha soli iliyopasuka kutoka kisigino hadi pua, misumari yote ikiwa imefuata unyuzi mmoja.

Na viatu vya povu?

Wengi wataniuliza mbona nihangaike na mbao ilhali kuna viatu vya povu kila duka, Lamu na Malindi. Swali la haki. Crocs ilianza mwaka 2002 kwa kiatu cha kwenye boti, na tangu hapo umbo lake limeigwa kila mahali. Kiatu kimoja cha povu mara nyingi hakifikii gramu 250. Hakiozi, kinaoshwa kwa ndoo ya maji, mvuvi anakitupa mashuani na kukivaa kikiwa kimelowa. Kwa kazi ya maji na kwa ufuo, chukua povu. Hapo mbao haina hoja.

Ila tazama jinsi kinavyoushika mguu. Ni kipana, mguu unaogelea ndani, na kazi ya kuushika imeachiwa kamba ya nyuma inayogeuzwa. Ukiigeuza mbele, kama tunavyofanya wote, umebaki na kiatu kilicholegea. Povu pia hujifinya chini ya kisigino kadiri linavyokanyagwa, na lile bonde linalotokea halichagui umbo zuri. Tena usikiache juani juu ya paa: povu hunywea kwa joto kali, na kiatu kilichokuenea asubuhi kitakubana. Kikiisha soli, kwenye ngazi za gati zenye ukoga wa bahari huteleza vibaya.

Na kinapokwisha kinakwenda wapi? Ufuo wetu unajibu. Mashua ya Flipflopi iliyoundwa Lamu kwa plastiki iliyotupwa, ikazinduliwa mwaka 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, ilivalishwa ndara zipatazo 30,000. Soli ya mbao ikichakaa huchongwa upya au huingia jikoni kupikia.

Mbao gani

Hapa watu hukosea kwa mapenzi. Wanataka mbambakofi kwa sababu milango ya Lamu ni ya mbambakofi. Ni mti wa heshima, lakini una uzito wa kilo 800 hivi kwa mita ya ujazo, wakati mbao ya mti wa Ulaya uitwao alder ambayo Waswidi huitumia ina karibu kilo 500. Soli ya sentimita 500 za ujazo, basi, itakuwa na gramu 250 kwa mti mwepesi na gramu 400 kwa mbambakofi. Tofauti ni gramu 150 kwa kila mguu. Ukipiga hatua 6,000 kwa siku, kila mguu umeinuka mara 3,000, na jumla ya uzito wa ziada ulioinua ni kilo 450 kwa kila mguu. Na uzito huo wote unashikwa kwa mbele tu.

Mwembe ni wa kati, unapatikana, unachongeka vizuri, lakini wadudu wanaupenda. Ukaushwe kabisa na kutazamwa matundu kabla ya kununua. Mvule hudumu na hauogopi maji sana, ingawa vumbi lake huwawasha baadhi ya maseremala. Mwarobaini hauliwi na wadudu upesi, ila ni mzito kidogo. Mvinje nisingeuchagua: mzito, na unapasuka. Mimi ningeanza na mwembe mkavu kwa kifuniko na mvule kwa msuruaki wa kuogea.

Mti wowote ule, nyuzi ziende kutoka kisigino hadi pua, na fundi afukue mbao chini ya kisigino kwa ndani ili kupunguza uzito wa nyuma. Kiinue kiatu kwa kidole kimoja chini ya ngozi. Kikining'inia kisigino chini kama kimekata tamaa, kitakupiga kila hatua. Kikikaa karibu na usawa, kimesawazishwa.

Upande wa kukanyagwa usipigwe vanishi. Vanishi ikilowa ni utelezi mtupu, na miguu ya watu wanaotoka kutia udhu imelowa. Mafuta ya kitani yanatosha, yakaushwe vyema. Mafuta ya nazi hayakauki, na sifa, yale mafuta ya papa, waachieni wenye majahazi, harufu yake haitoki. Chini ya soli pigilia mpira wa tairi, vipande viwili, kisigino na mbele, ukiacha mwinuko wa pua ubaki vilevile. Mpira hupunguza kelele kwenye sakafu na hushika mawe yaliyolowa.

Nani achukue kipi

Kwa chooni na ndani ya nyumba, msuruaki. Kwa mwenye duka anayesimama kutwa, kwa mwalimu, kwa mpishi wa hoteli, kifuniko. Mwenye miguu inayovimba, ukanda mpana wenye bizimu. Mtu wa Shela anayekanyaga mchanga zaidi kuliko mawe achukue ukanda na gidamu, au povu.

Malindi hesabu inabadilika kidogo. Kuna lami, kuna tuktuk za kupanda na kushuka, na mwendo wa kuvuka barabara ni wa haraka. Kifuniko bado kinafaa, mradi pua iwe imeinuliwa vizuri. Lakini anayeendesha pikipiki asivae kiatu chochote kilicho wazi nyuma, cha mbao hasa. Gia hubadilishwa kwa mguu wa kushoto, na kiatu kikichomoka katikati ya barabara hakuna muda wa kukitafuta. Mzee ambaye miguu yake haina tena uhakika kwenye ngazi naye apewe kiatu cha kufungwa, hata kama atanung'unika.

Ukienda kwa fundi, nenda baada ya alasiri, mguu ukiwa umeshavimba kiasi chake cha siku. Simama juu ya karatasi kwa miguu yote miwili, uzito sawasawa, achore kila mguu kwa penseli iliyosimama wima, aweke alama pande zote mbili pale wayo unapokunjika. Kisha azungushe futi ya kushonea mara mbili: penye mzizi wa vidole, na juu ya mgongo wa mguu. Soli iuzidi mguu kwa nusu sentimita hadi moja kwa nyuma, isizidi hapo, maana mkia mrefu ndio unaokanyagwa ukishuka ngazi.

Kabla ya kulipa salio, kivae na upande ngazi, si kutembea barazani tu. Ukifika juu tazama vidole vyako: vikiwa vimejikunja, mwambie, "Fundi, hapa bado pamelegea," na ngozi ivutwe. Ngozi mpya italegea tena baada ya wiki mbili tatu za kuvaliwa, kwa hiyo patana naye tangu mwanzo kwamba utarudi aivute mara moja zaidi bila malipo, na misumari ya ubavu wa nje asiikate ncha wala kuizamisha mpaka siku hiyo.